Hori la Kiema

Karibu na Mutomo
10 Juni 1984

Kwa Kiema, mume wangu,

Umepotelea wapi? Krismasi ulisema utakuja Pasaka. Pasaka ulisema utakuja mvua ikiisha. Sasa mvua yenyewe haikuanza, itaisha namna gani? Mimi nilishakuwa mjane mara moja na sitaki kufanywa mjane tena na mtu anayekaa Salama tu hapo, akila chapati za barabarani. Usicheke. Ulipozaliwa ulipewa jina la babu yako, kwa hiyo wewe ni Kiema na mimi ni bibi yako, na mume mwenye adabu huonekana nyumbani.

Anayeandika ni Muthoki, bibi ya mzee wa kanisa, kwa sababu unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike vile ninavyosema, asinipambe. Sasa ananiambia ningeanza na salamu za Bwana. Haya, pokea salamu za Bwana. Pokea pia za jirani zetu Ndululu na Syombua, na za Mutie ambaye bado anatembea huku na huko akifundisha watu kazi zao.

Hapa tuko. Mahindi yalifika magotini yakakauka, tukawapa mbuzi. Serikali inaleta yale ya manjano, nayo ukiyachemsha asubuhi jioni bado yanakuangalia. Meno yangu yaliyobaki yamelalamika mpaka nimeyanyamazisha kwa uji. Lakini nina afya, sijambo, usianze kuniuliza.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako Mulei alikuja kutoka Malili. Alikunywa chai, akatazama paa, akatazama miguu yangu, kisha akasema maneno ambayo naona alikuwa ameyapanga njiani. Alisema, "Mama, kama yule punda anakuletea maji, kaa. Siku atakayoshindwa, nakuja na pikapu nakupeleka Malili." Malili ni pazuri kwa mtu anayependa kuhesabu malori. Mimi nimezika mume hapa na watoto wawili, na nitazikwa kando yao, siyo kando ya lami.

Kwa hiyo Sista lazima aishi. Unamkumbuka Sista, ulimwita hivyo wewe mwenyewe kwa sababu ya rangi yake ya kijivu na vile anavyotembea haraka bila kuangalia mtu, kama masista wa hospitali ya misheni. Yeye ni mzima. Aliyeanza kuugua ni punda wa Ndululu. Anapiga chafya na pua zinachuruzika. Ni hii baridi ya Juni na vumbi. Nimemwazima Ndululu Sista wangu, kwa sababu wewe unajua mwethya wetu wa kusaidiana kazi: tunachimba kisima cha mchangani pamoja, tunanywesha pamoja, na mwenye punda mgonjwa huazimwa na mwenzake bila kuomba.

Neno lingine. Barua yako ya mwisho ilikuwa imekunjwa vizuri mno. Wewe hujui kukunja hata shati. Sisemi kitu.

Ni mimi bibi yako,
Kavata


Salama
24 Juni 1984

Kwa Susu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima kubwa. Barua yako ililala kwa lori la Kivuva siku kadhaa kwa sababu alikuwa ameharibikiwa Kibwezi, na aliponipa ilikuwa na harufu ya mbuzi, nikajua ni ya kweli. Sisi hapa ni wazima. Bado naziba magurudumu pale kando ya barabara. Malori ni mengi, kazi ipo, vumbi lipo.

Susu, ninajua nimekawia kuja. Kuna sababu, na siyo chapati. Nitakueleza siku moja.

Sasa kuhusu punda wa Ndululu. Nilimsomea barua yako mtu mmoja hapa ambaye kwao wamefuga punda wa mkokoteni miaka mingi. Mtu huyo aliacha alichokuwa akifanya akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuweza kujibu. Yale makamasi ni maji, au yamekuwa mazito ya manjano? Pale chini ya taya, kuna uvimbe? Anameza majani au anayatafuna na kuyatema? Anakinyoosha kichwa mbele kama mtu anayechungulia juu ya ua?

Kama ni ndiyo, basi siyo baridi. Ni ugonjwa wa pua na koo. Haushuki kifuani sana, unakaa huku juu, unafanya majipu kooni mpaka hewa inapita kwa shida. Punda wengi hupona wakitunzwa. Lakini unaambukiza, Susu, kupita kiasi. Unapita kwa makamasi, kwa kamba, kwa ndoo, kwa mkono wa mtu aliyemshika mgonjwa akaenda kumshika mzima.

Tafadhali usimwazime Ndululu Sista tena. Na kama umemwazima, mtenge. Uniambie pia punda wa hapo hunywa wapi, na kama maji bado yapo.

Mjukuu wako,
Kiema


Karibu na Mutomo
8 Julai 1984

Kwa Kiema mume wangu,

Salamu. Muthoki amesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwangu na mara ya pili kwa Ndululu, na Ndululu aliposikia lile la kichwa kunyooka mbele alikaa chini mchangani akafunika uso na leso.

Punda wake amekufa.

Ilikuwa hivi. Uvimbe ulitokea chini ya taya, mgumu kama jiwe la kusagia. Mutie akaja na chuma chake. Unamjua Mutie, kwake kila ugonjwa wa mnyama dawa yake ni kuchoma. Alikitia motoni mpaka kikawa chekundu, akamchoma pale pale kwa uvimbe, upande huu na upande ule. Jipu lilikuwa halijaiva. Shingo yote ikafura. Mnyama alikaa hali chakula, akivuta hewa kwa sauti kama mtu anayepasua mbao, kisha akalala na hakuamka. Alikuwa na mimba. Mutie alisema chuma kiliwekwa kwa kuchelewa. Mimi nikamjibu kwa niaba ya Ndululu, lakini Muthoki amekataa kuandika nililomjibu.

Sasa sikiliza. Sista ameanza. Juzi alikataa maganda ya ndizi, na huyo hajawahi kukataa kitu ambacho si chake. Jana pua zote mbili zilikuwa zinatoka kamasi. Leo asubuhi nimeweka kidole pale chini ya taya na akanisukuma na kichwa. Kuna kitu.

Mutie alikuja mara moja na chuma chake. Nilisimama kwa mlango wa boma na jembe. Nikamwambia aanze na mimi, kama nina uvimbe anaoupenda. Akaondoka akisema nimezeeka vibaya. Ni kweli nimezeeka, lakini siyo vibaya.

Mwulize huyo mtu mmoja wako nifanye nini. Mwulize upesi. Na umwambie bibi yako anataka kujua mtu mmoja ana jina au alizaliwa tu hivyo.

Umeuliza punda hunywa wapi. Wote hunywa kwa hori lako. Wanywe wapi kwingine? Lile gogo babu yako Kiema alilichonga mwaka wa njaa ya kwanza, alilikokota mpaka mtoni kwa ng'ombe wawili, na tangu siku hiyo hakuna punda wa upande huu ambaye hajaingiza mdomo humo. Watu wakielekeza njia husema, pita hori la Kiema.

Maji yapo. Usiulize tena juu ya maji.

Kavata


Salama
15 Julai 1984

Kwa Susu,

Salamu kwa haraka maana Kivuva amewasha lori na ananipigia honi.

Pole sana kwa Ndululu. Mwambie tumehuzunika hapa.

Fanya hivi. Usikubali achomwe wala akatwe mapema. Chemsha maji, tia chumvi, chovya kitambaa, kamua, uweke pale kwenye uvimbe kikiwa na joto ambalo mkono wako mwenyewe unavumilia. Asubuhi na jioni. Jipu lenyewe litalainika, manyoya yataanza kung'oka pale katikati, kisha litapasuka au utabonyeza usikie limekuwa kama papai bivu. Hapo ndipo hutobolewa, na wembe uliochemshwa. Usaha utoke wote. Osha na maji ya chumvi. Vile vitambaa uvichome, usaha uufukie mbali.

Chakula kiwe laini, majani yaliyolowekwa na pumba yenye maji, na kiweke chini kabisa, ardhini, ili akiinamisha kichwa kamasi lishuke lenyewe. Na mtu asimmiminie kitu puani. Mtu mmoja anasema huko kwao kuna waliomimina maji ya tumbako puani na punda akafa siku hiyo hiyo, maana yaliingia kifuani.

Sasa la mwisho, na ninajua hutalipenda. Ugonjwa unakaa kwa hori, Susu. Mgonjwa akinywa anaacha kamasi majini na kwenye mbao, na anayekuja nyuma yake anakunywa. Mbao ikiwa na maji kila siku, ugonjwa hauondoki. Inatakiwa hori litolewe maji, lisuguliwe na majivu, lipinduliwe likae juani mwezi mzima au zaidi. Na kila punda apewe chombo chake.

Nisamehe. Ni lazima.

Kiema


Karibu na Mutomo
22 Julai 1984

Kiema,

Leo sikuiti mume.

Kitambaa ninaweka. Chakula laini ninatengeneza. Sista anapumua kwa sauti usiku na mchana lakini anakula kidogo. Hayo umesema vizuri na nimeyafuata.

Lakini hori hapana. Huyo mtu mmoja wako, ambaye hana jina wala uso, ameambiwa na nani kwamba hori la mume wangu linaua punda? Alilichonga na mikono yake. Mimi nililala njaa akilichonga, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima na ilibidi afanye haraka. Miaka yote hii limenywesha wanyama wa kila nyumba. Nikilipindua, nitakuwa nimewaambia watu mbele ya mto mzima kwamba Kiema aliwaletea sumu. Na kumwambia mwanamke wa mwethya aje na chombo chake ni kumwambia mdomo wa mnyama wake ni mchafu. Kesho atakuja na jembe lake, keshokutwa atachimba kisima chake, na hapo mwethya umekufa. Nitaishi na nani?

Sitaki kusikia tena.

Kavata

Ndugu Kiema, hapa chini ni mimi Muthoki. Susu hajui nimeongeza haya, na kwa sababu hasomi sitamwambia. Tangu Sista augue anabeba maji mwenyewe, mtungi mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kutoka mtoni mpaka nyumbani. Tukimwazima punda anakataa, anasema atawaambukiza. Kwa hivyo anajua kwamba unasema ukweli. Wiki iliyopita alianguka pale kwenye mteremko wa mawe, mtungi ukapasuka, goti likafura. Kuna punda wengine wawili wameanza kutoka kamasi, wa Syombua na wa mama mmoja wa ng'ambo. Baba yako ametuma neno kwamba anakuja na pikapu mwezi ujao kuona hali. Nilifikiri ujue. Mungu akubariki.


Salama
29 Julai 1984

Kwanza kwako Muthoki: asante, nimepata yote. Tafadhali hii usiisomee nyumbani. Isomee mtoni, siku ya kunywesha, akina mama wote wakiwepo.

Kavata,

Ni mimi Kiema, mume wako.

Wewe ndiye umesema hivyo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Ulipokuwa na nyama ulinipa ile ya mzee. Nilipokosa ulisema huwezi kumpiga mume wako mbele za watu. Nilipokwenda kutahiriwa ulilia ukasema mzee anakuwa kijana tena. Kila mtu hapo mtoni amekusikia ukiniita hivyo, na hakuna aliyewahi kusema unakosea. Basi leo nalichukua lile jina lote, siyo nusu ya utani tu.

Hori ni langu. Mimi ndiye niliyelichonga. Nililichonga ili punda wanywe wakae wazima, sikulichonga ili liheshimiwe. Limefanya kazi yangu vizuri mpaka ugonjwa huu ulipoingia, na si kosa la mbao, wala la Ndululu, wala la mnyama wa mtu yeyote. Sasa limechafuka, na kitu changu kikichafuka mimi ndiye husema kioshwe. Nasema lipinduliwe. Ningekuwa hai ningelipindua mwenyewe kabla hujamaliza kunikasirikia, na wewe unajua hilo kuliko mtu yeyote.

Akina mama, Kavata hawatukani. Anatumwa na mimi.

Sasa naongea kama mjukuu. Susu, uliuliza kwa nini siji. Baba aliniambia mwezi wa Aprili kwamba nikija nyumbani nije na gari na nirudi na wewe, kwa sababu mimi ndiye huwezi kunikatalia. Nilimwambia sitaki. Akasema basi usiende kumpa moyo wa kukaa. Nikaona nikija nitakuwa nimekuja kukung'oa au kumpinga baba yangu mbele yako, nikakaa. Hiyo ndiyo sababu.

Na mtu mmoja anaitwa Wanjiro. Ni msichana wa mzee Njogu, wale waliotoka Nyeri wakaja kufungua duka hapa Salama. Punda wao wa mkokoteni waliugua hivi hivi, na ni yeye aliyekuwa akiwakanda. Ndiye hukunja barua. Ni mtu wa kanisa, anacheka sana, Kikamba chake ni kibaya. Sikuandika jina lake kwa sababu niliogopa utasema nimeoa barabarani.

Kiema


Karibu na Mutomo
9 Septemba 1984

Kwa Kiema mume wangu,

Nimekawia kujibu. Nilikuwa na kazi, na pia nilitaka nikuambie jambo likiwa limekwisha, siyo likiwa linaning'inia. Pokea salamu. Goti langu limepona, na ninajua nani alikuambia juu ya goti, maana uliniletea dawa ya kupaka kwa Kivuva bila mimi kuitisha. Muthoki ameinamisha kichwa sana hapa akiandika. Nimemwambia mwandishi anayeongeza maneno yake afadhali aongeze na chumvi, maana yangu imeisha.

Sasa nikuambie ya mtoni.

Muthoki alituambia kuna barua ya wote. Nilifikiri ni ya mahindi. Akapanda juu ya lile jiwe la kufulia, akafungua, akasoma, "Kavata, ni mimi Kiema, mume wako." Nilikuwa nimeinama kisimani nachota mchanga. Kata ikanitoka mkononi. Wewe unajua nimekuita hivyo miaka yote kwa mchezo wa bibi na mjukuu, lakini hakuna siku mchezo huo ulinijibu. Hakuna aliyecheka. Hata Syombua, ambaye hucheka kanisani mahubiri yakiendelea, alisema tu polepole, "Kavata, unaitwa na mzee."

Muthoki akasoma mpaka mwisho wa hayo ya hori. Ya baba yako na ya Wanjiro aliniachia nyumbani, hapo alitumia akili.

Kisha Ndululu akasimama. Nilijua atasimama. Yeye ndiye aliyepoteza. Alinitazama akasema, "Punda wangu ndiye alianza. Ni yeye aliingiza mdomo humo wa kwanza akiwa na kamasi, na mimi nikiwaambia ni baridi. Mwaniona ni mimi niliyewaletea?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye nilisema ni baridi. Wewe ulinisikia mimi. Na mzee amesema si kosa la mtu, basi funga mdomo ushike hapo."

Akashika upande mmoja. Mimi nikashika ule mwingine. Halikusogea. Lile gogo liliingia mchangani miaka mingi iliyopita na lilikuwa halina haraka ya kutoka. Ikabidi waje wote. Mutie naye alikuwa amekaa juu ya ukingo akituangalia, akasema wanawake hawawezi kupindua kitu alichochonga mwanamume, kuna mkosi. Syombua akamwambia ashuke aje kuusukuma huo mkosi, kama hawezi anyamaze na chuma chake. Alishuka. Nitasema ukweli hata kama ni Mutie: alisukuma vizuri. Hori likainuka, maji yakamwagika, nalo likalala kifudifudi kama mtu mzima aliyechoka. Chini yake mchanga ulikuwa mweusi na unanuka. Tukalisugua hori pande zote na majivu na mchanga mkavu, ndani na nje, tukaliacha juani.

Nililia kidogo. Si kwa ajili ya hori. Nililia kwa sababu babu yako angelipindua siku ya kwanza na angenicheka mimi kwa kungoja.

Siku hiyo hiyo tuliamua. Kila mwanamke na karai yake ama nusu ya debe, na kamba yake. Kisima tunachimba pamoja kama zamani, lakini kila mnyama ananywa kwa chake. Punda akipiga chafya hashuki mtoni, mwenye mzima anamchotea mwenzake maji, na yule mwenzake anamlipa kwa kuchimba. Nilikuambia mwethya utakufa. Haukufa. Sasa tunagombana zaidi, juu ya karai za nani ni za nani, na mtu akigombana na wewe bado yuko na wewe.

Sista. Siku chache baada ya hayo nilikuwa ninamkanda na kitambaa, mkono ukaingia mahali pamekuwa laini, na manyoya yakabaki kidoleni. Nikaita Ndululu. Yeye mwenyewe alitaka kushika wembe. Alisema wa kwake alikufa hakuna mtu aliyemfanyia vizuri, basi acha afanye huyu vizuri. Mimi nikashika masikio ya Sista na kumwambia mambo ambayo siwezi kumwambia Muthoki aandike. Ndululu akagusa mara moja tu. Kilichotoka, Kiema, kingejaza bakuli, na harufu yake ilimfukuza mbuzi. Sista akatetemeka, akasimama, kisha akavuta hewa. Kwa pua. Bila ile sauti. Nilikuwa nimeisikia ile sauti wiki kadhaa mpaka nilidhani ni ya nyumba yangu, na ilipokoma nilisikia kuku wakichakura upande wa pili wa boma.

Wa Syombua alipata jipu dogo, likapasuka lenyewe. Yule wa ng'ambo amekonda lakini anakula. Mtoto wa punda wa Muthoki, aliyezaliwa Mei, tuliyemwogopea sana kwa sababu ni mdogo, hakupata hata chafya. Hakuwahi kunywa kwa hori tena.

Sasa baba yako. Alikuja na pikapu kama alivyosema, na alikuja na godoro juu yake, kumbe alikuwa amejiandaa kunilaza humo. Hakunikuta nyumbani. Alikaa kwa mlango akingoja. Tulitokea mtoni mimi na Sista, mitungi minne mgongoni kwake na mimi nyuma nikiwa na fimbo tu na kinywa changu. Alisimama. Alimzunguka Sista, akamwinua taya, akaona kovu pale manyoya yalipoanza kurudi. Akasema paa linavuja. Nikamwambia hakuna mvua ya kuvuja. Akasema mvua itakuja. Nikamwambia ikija, uje na mabati kwa hiyo pikapu, kuna nafasi pale penye godoro.

Tulikula muthokoi wa yale mahindi ya serikali. Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto, sauti ambayo sijaisikia kwake tangu azikwe dada yake, "Mama, ukianguka njiani peke yako nitajuaje?" Nikamwambia, "Utajua kwa sababu sianguki peke yangu. Ndululu ataniinua, na Muthoki atakuandikia kabla sijaamka." Akacheka, baba yako, ambaye hacheki. Alilala siku moja, akashusha godoro akaniachia, akaenda na pikapu tupu. Nalalia hilo godoro. Ni laini sana, naamka nikitafuta mgongo wangu.

Hajasema sitahama kamwe. Alisema tu, "Tutaona." Mimi pia nitaona. Nitaonea hapa.

Basi hakuna tena aliyekuzuia kuja. Nilimwambia baba yako kwamba umeniandikia kila kitu, akainama akasema yeye hakutaka uniumize, alitaka uniokoe. Msameheane bila kelele.

Juu ya Wanjiro. Umeoa barabarani, ndiyo, kwa sababu unaishi barabarani, ungeoa wapi? Msichana aliyekanda koo la punda mwenye usaha na bado anacheka, huyo simwulizi ametoka Nyeri au ametoka wapi. Kikamba tutamfundisha. Ndululu ameshaanza kuandaa maneno ya kumfundisha na nusu yake ni mabaya.

Kwa hiyo Desemba mje. Usimlete akae kwa kiti na kupewa soda kama mgeni wa harusi. Mje asubuhi, jua halijawa kali, mpitie mtoni kwanza kabla ya kufika nyumbani, na karai mje nayo, sitawaazima yangu. Sisi tutakuwa huko. Ukifika, mpe kamba ya Sista mkononi yeye mwenyewe, na wewe utembee nyuma, usimsaidie, usimwelekeze njia, ufunge mdomo. Sista akimfuata mpaka mlangoni, nitachinja yule beberu mkubwa. Asipomfuata, nitachinja pia, lakini wewe ndiye utarudi mtoni kubeba maji ya kumpikia.

Bibi yako,
Kavata